Wachezaji Watano, Udhuru Sita

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa michezo ya mezani hapa Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wale waliopata udhuru.

Wakubwa zangu, shikamooni. Rika langu, mambo vipi. Wadogo, nawaona, karibuni sana.

Kabla sijasema lolote naomba mikono. Nani humu ndani amewahi kuanzisha kundi la mchezo wa kuigiza wahusika, nyumbani, yeye na marafiki zake? Inueni juu tuone. Wengi, wengi. Msishushe. Sasa kama kundi hilo limekufa, shusha mkono.

Mnaona? Hebu geukeni nyuma mtazame. Imebaki mikono michache, na mmoja ni wa mwenyeji wetu, ambaye kundi lake limeanza mwezi huu. Huyo tumwombee tu.

Kwa wale walioburutwa na rafiki bila kuambiwa wanakuja kufanya nini, mchezo wenyewe ni huu. Watu wachache wanakaa mezani. Mmoja wao ni msimulizi: anaieleza dunia ya kisa, anamwigiza kila mtu mnayekutana naye njiani, kuanzia mlinzi wa lango mpaka joka lenyewe. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza, halafu anauliza: unafanya nini? Ukijibu jambo lenye hatari ndani yake, unarusha dadu, mara nyingi ile ya pande ishirini, na dadu inasema kama umefaulu. Hakuna anayewashinda wenzake. Kisa kimoja kinaweza kuchezwa mwaka mzima. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974. Nakala 1,000 za kwanza zilipangwa kwenye maboksi nyumbani kwa Gygax, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza huu ni mchezo wa sebuleni, mchezo wa watu wanaojuana. Na shida zake nyingi zinatokea hapo hapo, kwenye kujuana.

Ukimuuliza mtu kundi lenu limekufa kwa nini, atakwambia muda. Mwingine atakwambia vitabu ghali. Mwingine, dadu hazipatikani Kariakoo. Mimi nimekaa kwenye meza nyingi, za wanachuo, za majirani, za watu wa ofisi moja, mara nyingine kama msimulizi na mara nyingine kama mchezaji, na ninachokiona ni kingine. Tunaoneana haya, ndugu zangu. Haya ya kusema siwezi kuja. Haya ya kusema sikupenda. Haya ya kumwambia rafiki yangu, bwana wee, unatuharibia. Nyumbani tumefundishwa kuwa na haya, na tumefundishwa vizuri. Lakini mezani, haya ndiyo inayotuua.

Nitaanza na vifaa, tuviondoe njiani haraka.

Dadu. Seti kamili ina za pande nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili na ishirini. Ukiagiza nje utalipia na usafiri, na utasubiri. Lakini nani amekulazimisha? Mwaka 1979 dadu ziliadimika huko huko Marekani, na TSR, kampuni iliyokuwa ikichapisha mchezo huu, ikaweka ndani ya boksi vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, ili watu wavichanganye na kuchomoa kimoja. Meza moja niliyoanza nayo ilikuwa na vizibo vya soda ishirini. Namba ziliandikwa kwa maka peni upande wa ndani, kwenye ule utando wa plastiki, na vizibo vikatiwa kwenye soksi. Kwa nini soksi? Kwa sababu kikombe mtu anachungulia. Unaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, unakoroga, unatoa kimoja, unakigeuza mbele ya watu. Shida ilikuja pale ilipogundulika kwamba kizibo namba ishirini kimepinda ukingo kidogo, na mwenzetu aliyemwigiza mchawi amekizoea kwa vidole. Alikuwa akifaulu mambo ambayo hata majini wenyewe wangeshindwa. Tukakibadilisha. Siku hizi programu ya dadu ipo kwenye simu, bure, lakini soksi ina raha yake.

Vitabu. Januari 2023 palitokea vurugu kubwa kati ya wachezaji na Wizards of the Coast, kampuni inayomiliki mchezo huo sasa, kuhusu leseni ya kutumia kanuni zake. Vurugu zilipotulia, kampuni iliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake nini kwetu? Maana yake unaweza kuzipakua bure, ukazitafsiri kwa Kiswahili, ukazichapa, hata ukaziuza, mradi utaje ulikozitoa. Kwa hiyo kisingizio cha vitabu naomba tukizike leo. Kinachobaki ni kwamba kanuni hizo ni za Kiingereza, na kwenye kila meza kuna mmoja aliyezisoma zote na wengine wanaomsikiliza yeye. Huyo aliyesoma, naomba awe na subira. Mchezaji akisema "nataka nimrukie kutoka juu ya mnazi," usimjibu kwa ukurasa. Mpe dadu arushe.

Basi. Tuje kwenye muda.

Jumamosi ya Dar es Salaam ina wenyewe. Kuna kikao cha harusi. Kuna msiba. Kuna kikoba. Kuna fundi aliyeahidi kuja saa mbili asubuhi na akatokea saa tisa. Kuna siku Simba na Yanga wanakutana, na siku hiyo hata mimi msinitafute. Halafu kuna foleni. Anayetoka Mbezi Mwisho na anayetoka Kigamboni watafikaje Mwananyamala kwa wakati mmoja? Hayo yote ni kweli, sibishi. Lakini niulize: mbona kikao cha harusi kinafanyika? Mbona kikoba kinakaa kila wiki, na akina mama wanatoka Chamazi na wanafika, na aliyechelewa anatozwa faini na analipa?

Kulikuwa na kundi la vijana waliomaliza chuo pamoja. Sita. Walipendana kweli kweli, na kwa kupendana huko wakakubaliana kwamba mmoja asipokuwepo hawachezi, maana kumwacha mwenzao ni kumwonea. Mnasikia uzuri wa neno hilo? Uzuri mtupu. Basi kila Jumatano ujumbe unatumwa kwenye kundi la WhatsApp: "Wakuu, Jumamosi vipi?" Majibu yanakuja. Wa kwanza: "Nitajitahidi." Wa pili: "Insha'Allah." Wa tatu: "Tutajuzana." Wa nne anaweka dole gumba. Wa tano amesoma, hajajibu. Jumamosi saa nane mchana mwenye nyumba amekamua ukwaju jagi zima, amenunua umeme, amepanga viti, anasubiri. Saa tisa simu inaita: "Kaka, nisamehe, nina kikao cha harusi ya binamu." Saa tisa na nusu: "Mkuu, mvua." Mwenye nyumba anakunywa ukwaju peke yake.

Sasa tuulizane kwa haki. Huyu wa kikao cha harusi, kikao alikijua lini? Jumatatu! Kadi ilikuwa mezani kwake tangu Jumatatu. Kwa nini hakusema Jumatano? Kwa sababu aliona akisema hapana mapema atawavunja moyo wenzake. Akaona haya. Akasema atajitahidi. Na "nitajitahidi," jamani, sote tunaijua. Ni hapana iliyovaa kanzu.

Kundi lile lilifikia mahali hawajakutana msimu mzima wa mvua, na hakuna aliyekasirika, na hakuna aliyesema kundi limekufa. Lilikufa kwa adabu.

Dawa ni nini? Nitawapeni nilizoziona zikifanya kazi. Siku iwe moja, isiyobadilika. Jumapili ya kwanza na ya tatu, kwa mfano, saa nane mchana. Hakuna kuulizana "vipi," siku inajulikana. Wakiwa watatu, mchezo unaanza. Watatu! Msingoje sita. Kijitabu cha mwaka 1974 kilisema kampeni moja, yaani kisa kirefu cha vikao vingi, inaweza kubeba wachezaji kuanzia wanne hadi hamsini, msimulizi mmoja kwa kila wachezaji kama ishirini. Hamsini, ndugu zangu. Mnadhani Gygax alikuwa akiwasubiri wote hamsini sebuleni kwake? Walicheza waliokuja. Wale walioutunga mchezo huu hawakuwahi kudhani meza ni kikosi kile kile kila siku. Hilo la kusubiriana tumejiongezea wenyewe.

Na ukitaka liwezekane, kisa chenyewe kijengwe hivyo. Meza moja ninayoijua kisa chao kinafanyika kwenye mji wa bandari walioutunga kwa kuazima sura ya Kilwa ya karne ya 14, ile Kilwa ya dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na jumba la Husuni Kubwa, ambayo msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliifikia mwaka 1331. Kila kikao ni safari moja: mnatoka bandarini, mnarudi bandarini. Aliyekosekana, mhusika wake amebaki pwani anashona tanga. Wiki ijayo akija, anapanda jahazi. Hakuna anayeonewa. Na niseme pembeni, kwa watu wa kwetu mji wa namna hiyo unaanza upesi kuliko baa za Ulaya zilizo kwenye vitabu. Mwambie mchezaji mpya "uko kwenye baa ya mbao, theluji inaanguka," atakutazama. Mwambie "uko sokoni, kusi imekwisha, majahazi yanapakiwa," na kabla hujamaliza ameshaanza kugombana na mchuuzi.

Kitu cha tatu, mteueni kijumbe. Kila mcheza upatu hapa anajua kijumbe ni nani: mtu anayefuatilia, anayekumbusha, asiyeogopa kupiga simu mara ya pili. Kijumbe asiwe msimulizi. Msimulizi ana kazi ya kutosha. Na saa ya kumaliza ipangwe na anayekaa mbali kuliko wote. Dada anayerudi Kigamboni akijua saa kumi na mbili jioni kamili kila kitu kinafungwa, hata kama joka limebakiza pumzi moja, atakuja. Asipojua, atakuja mara mbili, kisha atapata udhuru.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta. Haya baina ya marafiki mezani.

Meza hii ilikuwa ya majirani, Tabata. Wawili kati yao walisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Mmoja alimcheza mganga, mwenye dua za kuponya. Mwingine alimcheza askari. Askari kazi yake kuingia mbele, kupigwa, na kuanguka. Mganga kazi yake kumwinua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kikao baada ya kikao. Askari alikuwa na desturi ya kuja na vitumbua, vya moto, kwenye hotpoti ya mkewe.

Siku hiyo wameingia kwenye pango, askari amepigwa, yuko chini. Kanuni zinampa aliye chini nafasi: anarusha dadu kila zamu, akikosa mara tatu amekufa. Amekosa ya kwanza. Zamu ya mganga ikafika. Msimulizi akauliza, unafanya nini? Mganga akasema, "Nasubiri." Watu wakacheka kidogo. Askari akarusha, akakosa ya pili. Zamu ya mganga. Una dua ngapi? Tatu. Unafanya nini? "Nazitunza dua zangu za kesho." Hakuna aliyecheka. Mwenzao mmoja akasema kwa upole, mganga, huyu anakufa. Mganga akachukua kitumbua, akakiangalia, akakirudisha kwenye sahani. "Na afe," akasema. "Si amezoea kuponywa bure?"

Mnaona lile neno, bure? Mimi nilikuwa msimulizi. Nikaifunga ile soksi ya vizibo fundo, nikaiweka katikati ya meza, nikasema tupumzike, nani anataka chai. Mganga akanifuata jikoni. Sikumuuliza kitu. Maji hayajachemka ameshasema yote. Mwenzake alimkopa laki mbili za kumalizia pikipiki. Zimepita Ramadhani na Krismasi. Na kila kikao mtu huyo anakuja na vitumbua, anacheka, kana kwamba hakuna kitu. "Kaka," akaniambia, "nitamdai vipi mbele ya vitumbua?"

Nitamdai vipi mbele ya vitumbua! Hebu fikirieni. Mtu ameshindwa kumdai rafiki yake kwa mdomo wake, lakini ameweza kumwacha afe pangoni mbele ya majirani. Hakuona haya kumuua; alionea haya kumdai.

Nilimwambia jambo moja tu: hiyo si kesi ya mganga na askari, ni kesi yako na yeye, na geti liko pale. Wakatoka. Walisimama pale nje muda mrefu, chai ikapoa. Waliporudi hawakuwa wanacheka, lakini walikaa. Askari akasema, jamani, niko chini bado? Uko chini. Mganga akafungua soksi, akatumia dua moja. Deni lililipwa kwa mafungu mawili, na meza ile iliendelea.

Nawaambia kisa hiki kwa sababu wasimulizi wengi wangefanya kingine. Wangemwadhibu mganga ndani ya mchezo. Jiwe linaanguka kutoka juu ya pango, linamponda. Nimeliona jiwe hilo likianguka kwenye meza nyingi! Mtu anachelewa kila siku, jiwe. Mtu anaongea na simu wakati wenzake wanacheza, jiwe. Hebu niambieni, jiwe likimwangukia mhusika, rafiki yako amejifunza nini? Amejifunza kwamba una mawe. Jambo la watu lisemwe na watu, kwa majina yao halisi, nje ya kisa, ikiwezekana wawili peke yao. Simamisha mchezo. Mchezo utangoja.

Na yule anayewaibia wenzake ndani ya kisa, halafu akiulizwa anasema "mimi sina neno, mhusika wangu ndivyo alivyo"? Mhusika huyo aliandikwa na nani? Mwambie amwandike upya. Huyo nimemmaliza.

Kuna haya nyingine ambayo wenzetu wa nchi nyingine sidhani kama inawasumbua sana: haya ya umri. Sisi ni watu wa shikamoo. Kwenye meza moja ya watu wa ofisi kulikuwa na mtu mzima, bosi wa idara, amekuja kwa hiari yake na anaupenda mchezo. Nahodha wa jahazi katika kisa chao alikuwa binti aliyekuwa kwenye mafunzo kazini, mdogo kuliko wote. Kwenye karatasi, nahodha ni yeye. Lakini kila msimulizi alipouliza, tunapita mkondo wa kusini au wa kaskazini, macho ya meza nzima yalikwenda kwa mzee. Na ya yule binti pia! Nahodha anamtazama baharia wake wa kuvuta kamba, anangoja ruhusa.

Nani atamwambia mzee anyamaze? Hakuna. Na mzee hakuwa na kosa, hakuwa amesema kitu. Waliweka utaratibu: kwenye kila uamuzi, anaanza kusema mdogo, mkubwa anamaliza. Ilipotangazwa, mzee akacheka akashukuru. Akasema kazini anaamua kutwa nzima, hapa alikuja kupumzika. Yeye mwenyewe alikuwa akiona haya kukaa kimya, maana watu wanamtazama! Pande zote mbili zinaoneana haya, na jahazi limekwama.

Halafu kuna mambo ya kutisha. Hapa naomba tuwe makini kidogo, maana sisi tukisema majini mezani hatusemi hadithi tu. Mtu aliye kando yako huenda ana dada aliyehangaika hospitali na kwa masheikh na kwenye maombi. Nilikuwa mchezaji kwenye meza ambapo msimulizi, kijana mwenye kipaji sana, alieleza pepo aliyempanda mtu kichwani. Sauti, macho, kila kitu. Wote tumesisimka. Dada mmoja amenyamaza, ameshika simu, haperuzi chochote, ameishika tu. Alimaliza kikao. Aliaga vizuri. Kikao kilichofuata alikuwa na udhuru, na uliofuata tena.

Kuna mbinu ya Mmarekani mmoja, John Stavropoulos, ambayo naona kama ilitungwa kwa ajili yetu. Kadi moja yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza. Jambo likikuzidi, unaigusa kadi au unaiinua. Msimulizi anaruka sehemu hiyo, kisa kinaendelea. Huulizwi kwa nini. Huelezi. Unaona inavyotufaa? Mtu mwenye haya hawezi kusema, lakini kidole anacho. Kwenye meza yangu kadi yenyewe ni kadi ya mchango wa harusi, ya mwaka juzi, nyuma imechorwa X kubwa. Imeguswa mara chache sana. Lakini wapo wanaokaa kwa sababu ipo.

Na nyumbani je? Mama mdogo anaingia sebuleni anakuta watu wameinama, mmoja anatoa vizibo kwenye soksi, anasema "umekufa." Mnategemea afikirie nini? Atafikiria ramli. Msimcheke. Miaka ya 1980 huko Marekani kwenyewe, wazazi na wahubiri walishikilia kwamba mchezo huu unafundisha watoto uchawi na kuabudu shetani. Mwaka 1983 kikaundwa hadi chama cha kuupinga. Sasa mama mdogo wa Sinza atakosaje kuuliza? Kulikuwa na nyumba moja walimjibu kwa kumvutia kiti. Wakamwambia, mama, humu kuna soko, tunataka kununua kamba, wewe ndiye muuzaji. Aliwauzia kamba kwa bei ambayo walishindwa kununua tanga. Tangu siku hiyo akisikia wamekuja anauliza, "Leo mnataka nini?"

Lililobaki ni la msimulizi mwenyewe. Msimulizi ndiye mwenye nyumba, ndiye mnunua umeme, ndiye aliyesoma kanuni, ndiye anayekesha usiku kuandaa. Na ndiye wa mwisho kusema amechoka. Rafiki yangu mmoja aliandika daftari zima kuhusu jumba la sultani: vyumba, walinzi, siri za waziri, mpaka chakula cha jioni. Wachezaji walipofika mjini wakaona mtu anauza pweza. Wakauliza bei. Wakaona faida. Alasiri nzima wakafanya biashara ya pweza, wakapanga bei, wakamkodi mvuvi, wakacheka mpaka machozi. Jumba la sultani hawakuligusa. Rafiki yangu alicheka nao. Akaenda nyumbani akalifungia daftari kabatini, na kwa wiki kadhaa ndiye yeye aliyekuwa na udhuru.

Alipolisema hatimaye, lilitatuliwa kwa dakika tano. Tano! Wachezaji walishtuka, hawakujua. Wakakubaliana kwamba kila kikao kabla ya kufunga, wao wanasema kikao kijacho wanakwenda wapi. Wakisema kwa sultani, anaandaa sultani. Wakisema pweza, anaandaa pweza. Na asiyeandaa anachangia umeme na chakula, kwa mchango unaojulikana, unaokusanywa na kijumbe, siyo "nitakutumia baadaye."

Tena mpokezane. Gygax mwenyewe alimpa kijana mmoja, Rob Kuntz, aendeshe naye kampeni yake ya Greyhawk, ili na yeye apate kukaa upande wa pili na kucheza. Mtunzi wa mchezo alitaka kupumzika akacheza! Wewe wa Tabata unajikaza kwa ajili gani? Msimulizi wa pili akiwa dhaifu mwanzoni, kaeni naye. Wa kwanza alikuwa dhaifu pia, mmesahau tu.

Na kisa kiwe na mwisho. Tangazeni mapema: tunacheza mpaka jahazi lifike Sofala, basi. Likifika, mnakula pilau, na kila mtu anaulizwa kama anaendelea na kisa kijacho. Anayetaka kuondoka anaondoka hapo, kwa heshima, bila kuua shangazi yake wa tatu. Mnacheka, lakini wako watu humu wameshazika mashangazi wasiokuwepo kwa ajili ya mchezo huu.

Pale mlangoni kuna karatasi mbili. Ya kulia ni ya wanaotafuta meza: andikeni jina, mtaa unaokaa, na siku moja, moja tu, ambayo kweli mnaweza. Ya kushoto ni ya wanaotaka kusimulia. Ya kushoto ni nyeupe mpaka sasa, naiona kutoka hapa. Vizibo vipo, soksi ni safi, nimeifua.

Maswali. Dada wa nyuma kabisa mwenye kitenge cha kijani, uliinua mkono tangu nilipotaja vitumbua. Anza wewe.